Tajiri akikupa pole pokea, kisha uliza fomu

Hapa Amu, yaani mji wa Lamu, mafundi wengi walioumia kazini hawakudhulumiwa na matajiri wabaya, hao waajiri wetu. Haki zao za kulipwa fidia zilipotelea mikononi mwa matajiri wema. Nimeliona kwa wenzangu na limenifika mwenyewe, na kila nikisikia kijana ameanguka kwenye jukwaa huko Shela huwa naomba apate mtu wa kumwambia mapema.

Mimi ni seremala. Milango, madirisha, vitanda, na nakshi pale mteja anapoitaka. Wakati huo nilikuwa nimeajiriwa kwenye karakana ya mtu hapa mjini, napasua mbao za mvule kwa msumeno wa umeme. Ubao ulikuwa na fundo ndani. Msumeno ulipofika pale ukakwama, ubao ukaruka kurudi nyuma na mkono wangu wa kulia ukavutwa nao. Kidole cha shahada kikakatika kwenye kiungo cha kati. Mwenzangu alivua kikoi chake akaufunga mkono, tukaenda hospitali kwa miguu, maana kwenye vichochoro vyetu hakuna gari la kukuchukua.

Tajiri alifika kabla daktari hajamaliza kushona. Alilipa kila kitu. Jioni alituma mchele, unga na mafuta nyumbani, na mke wangu akapewa bahasha yenye shilingi 15,000. Alikuwa na huruma ya kweli, wala hadi leo simsemi vibaya. Mama mkwe alipoona vile aliniambia, "Mwanangu, mtu kakufanyia wema huu, usije ukamtia maneno." Nami ningemtia maneno gani? Mtu muungwana akitendewa jema husema ahsanta.

Kidonda kilipopona ndipo hesabu ilipoanza. Anayechonga nakshi anajua kwamba nyundo hupiga tu. Kazi yenyewe iko kwenye patasi, na patasi huongozwa na kidole cha shahada. Kidole hulala juu ya chuma, kikauhisi mti unavyokwenda, kikaizuia ncha isiteleze pale nyuzi za mbao zinapogeuka. Mimi nimebakiwa na kipande kifupi kisichofika kwenye chuma. Nimejifunza kuiongoza patasi kwa kidole cha kati, na kazi inatoka, lakini ua nililokuwa nikilimaliza asubuhi sasa linanichukua hadi alasiri. Hiyo ni riziki iliyopungua kwa maisha yangu yote. Mchele wa wiki ile ulikuwa umekwisha kitambo.

Aliyenizindua ni binti ya dada yangu, karani kwenye hoteli moja. Alikuja kunijulia hali, akautazama mkono, akauliza, "Mjomba, fomu ya DOSH imejazwa?" Sikujua anasema nini. Akakaa kitako akanieleza kwamba ni fomu ya kuripoti ajali kwa ofisi ya serikali ya usalama kazini, na mengi ninayoyaandika hapa yalianza na maelezo yake.

Kuna Sheria ya Mafao ya Ajali Kazini ya mwaka 2007, ambayo watu wanaiita WIBA. Inamlazimu mwajiri awe na bima ya wafanyakazi wake, na inasema mfanyakazi akiumia katika shughuli za kazi yake, mwajiri atawajibika kumlipa fidia. Bima isipokuwepo, deni haliondoki. Linabaki shingoni kwa mwajiri. Wala usidhani kwa sababu hukuandikiwa barua ya kazi basi wewe si mfanyakazi. Sheria ya ajira ya Kenya inatambua mkataba wa mdomo.

Na hili naomba mlishike, kwa sababu ndilo linalowanyamazisha wengi: huhitaji kuthibitisha kwamba tajiri alikosea. Nimesikia mafundi wakisema, "Mimi mwenyewe sikuwa makini, nitamdai nani?" Sheria haiulizi hivyo. Inauliza kama uliumia ukiwa kazini na kwa ajili ya kazi. Anayezuiwa ni yule aliyeumia kwa utovu wake wa nidhamu wa makusudi kabisa, na hata huyo, kama ameumia vibaya sana au amekufa, fidia haizuiwi. Kuchoka, kughafilika, kuteleza kwenye zege bichi, hayo ni mambo ya binadamu na sheria inajua hivyo.

Nilipokwenda kwa tajiri kumuuliza kuhusu fomu, uso ulimbadilika. "Fundi, kwani sisi hatukuelewana?" Aliona kama namgeuka. Nikamwambia sijaja kumdai kutoka mfukoni mwake, nataka tu ajali iandikwe. Ikabidi atafute makaratasi yake, na humo ikaonekana bima ya WIBA alikuwa anailipia, kwa sababu mteja mmoja mkubwa wa ujenzi alimshurutisha kuwa nayo. Alikuwa akilipia kitu ambacho hajawahi kukitumia, huku pole zote akizitoa mfukoni mwake. Sote wawili tulikuwa tunapata hasara.

Mwendo wenyewe si mgumu. Ukiumia, mwarifu mwajiri mara moja, wewe au mtu kwa niaba yako, kwa mdomo au kwa maandishi. Mimi nashauri maandishi, hata ujumbe wa simu, kwa sababu una tarehe. Yeye akishapata habari ana siku 7 za kuripoti kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini, ambaye ofisi yake ndiyo hiyo watu wanaiita DOSH. Ajali ikiwa imeua, habari ifike ndani ya saa 24. Kwenye fomu mwajiri ana sehemu yake na daktari ana sehemu yake; daktari ndiye anayeandika asilimia ya ulemavu uliobaki. Mimi nililazimika kuvuka hadi Mokowe na kupanda basi la Mombasa kufuatilia, na safari ile ilichosha, lakini niliyemkuta dirishani alinisikiliza vizuri.

Hesabu ya ulemavu wa kudumu inatokana na mapato ya miezi 96. Tuseme fundi anapata shilingi 20,000 kwa mwezi. Mara 96 ni 1,920,000. Daktari akisema ulemavu ni asilimia 10, fidia ni shilingi 192,000. Weka hiyo kando ya bahasha ya 15,000. Na kama tajiri wako hukulisha kila siku, chai ya asubuhi na wali wa mchana, thamani ya chakula hicho nayo huhesabiwa katika mapato, kwa hiyo usikubali iandikwe pesa taslimu peke yake. Mbali na hiyo kuna malipo ya muda ule uliolala nyumbani huwezi kazi: ikiwa ni siku 3 au zaidi unastahili kuendelea kulipwa, na malipo haya yanaweza kufika miezi 12. Matibabu, dawa, hata kiungo cha bandia, ni juu ya mwajiri. Mtu akifa, wanaomtegemea ndio wenye haki, na gharama za mazishi pia zimo. Wajane wa mabaharia na wa mafundi, ulizeni.

Kuna ndugu hukimbilia wakili wafungue kesi mahakamani kwanza. Mabishano juu ya jambo hilo yalikwenda hadi Mahakama ya Juu, nayo mwaka 2019 ikashikilia kwamba madai haya yaanzie kwa Mkurugenzi. Hukuridhika na uamuzi wake, una siku 60 za kuupinga kwake kwa maandishi, na baada ya jibu lake ndipo kuna rufaa kwenye mahakama ya kazi.

Mimi nililipwa. Haikuwa haraka, ingawa sheria inampa mwajiri au kampuni ya bima siku 90 tangu dai kuwasilishwa. Kwa fedha ile nilinunua mashine yangu yenye kinga juu ya msumeno, na sasa najitegemea. Tajiri wangu wa zamani bado huniletea kazi zikimzidi, na siku hizi mtu akiumia kwake fomu inajazwa wiki hiyo hiyo.

Ninachokiogopa kwa wengine ni muda. Dai linatakiwa liwe limewasilishwa ndani ya miezi 12 tangu siku ya ajali, na wema wa tajiri unaweza kuila miezi hiyo yote bila mtu kukusudia ubaya. Mara mchele, mara "ngoja Ramadhani ipite", mara mnaoneana haya. Wewe uliyeumia baada ya Maulidi yaliyopita na ukapewa bahasha, hesabu miezi leo. Na kama ni mwanao au mumeo, mwandikie tajiri wewe, kwa adabu, leo hii.