Itifaki yetu imesajiliwa!

Jamani, leo asubuhi nimepata barua pepe niliyoisubiri kwa hamu: itifaki (yaani mpango ulioandikwa mapema) ya mapitio yetu ya kimfumo, utafiti unaokusanya na kuchambua tafiti zote zilizokwisha kufanywa, kuhusu upungufu wa damu kwa wajawazito Afrika Mashariki imesajiliwa PROSPERO, daftari la mtandaoni la kusajili mapitio ya aina hii. Namba yake inaanza na CRD42, nimeisoma mara tatu!

Kujaza fomu hakukutusumbua, na usajili ni bure. Kazi ilikuwa kukubaliana. Mimi na mwenzangu tulibishana wiki nzima juu ya neno moja tu, "upungufu". Hemoglobini, protini ya damu inayobeba oksijeni, chini ya gramu 11 kwa desilita, au chini ya 10? Tukachukua 11, na 10.5 kwa miezi mitatu ya kati ya ujauzito, kama Shirika la Afya Duniani lilivyoelekeza mwaka 2024. Tukaandika hivyo kabla ya kufungua hata makala moja, maana ukishayaona matokeo ni rahisi mno kukisogeza kiwango hicho ili tafiti unazozipenda ziingie.

Dada mkutubi, asante sana. Bila wewe tungesahau kwamba Waingereza na Wamarekani huliandika jina la ugonjwa huu kwa tahajia tofauti, na nusu ya makala zingetupita.

Kesho tunaanza kutafuta makala kwenye PubMed, hifadhidata ya mtandaoni ya makala za kitabibu.