Kitambaa cha mama kilivyofika Yerusalemu

Mama alidunduliza hela ya kwenda hija Yerusalemu miaka na miaka, alafu mwaka ambao hela imetimia magoti yakagoma. Daktari akamwambia mama kule ni ngazi na mawe kila unapogeuka, hutaweza. Basi akaniita akasema nenda wewe. Mimi! Mtu ambae kanisani naonekana kwenye harusi na misiba tu, na hata hapo nakaa benchi la mwisho karibu na mlango. Nikamwambia mama hiyo hela itapotea bure, akasema "haipotei mwanangu, we nipelekee hiki", akanipa kitambaa chake cha kichwa, cheupe, kimefuliwa mpaka ukikiinua kwenye mwanga unaona upande wa pili. Nikakipanguse kwenye lile jiwe ambalo wanasema Yesu alilazwa akapakwa mafuta kabla ya kuzikwa. Kazi yenyewe ndo hiyo tu, kubeba kitambaa.

Ilikuwa Novemba 2018. Nikamshawishi jamaa yangu mmoja tuliosoma wote, yeye Muislamu wa swala tano kweli kweli, tukaondoka pamoja, yeye na msikiti wake wa Aqsa mimi na kitambaa. Kwake mji ule ni Quds, kwangu Yerusalemu, na safari nzima hakuna aliyemrekebisha mwenzake. Ndege sina cha kusimulia, nililala.

Sasa ule mji wa kale ndani ya kuta bwana, wote haufiki hata kilomita moja ya mraba. Humo humo kuna mtaa wa Waislamu, wa Wakristo, wa Waarmenia na wa Wayahudi, na vichochoro vyembamba kiasi kwamba padri, rabi na shehe wakikutana inabidi mmoja ageuke ubavu. Nilienda na ile dhana yangu ya siku zote, kwamba dini ikishatoka moyoni mwa mtu ikaingia kwenye jamii inageuka ugomvi wa mali tu, na siku mbili za kwanza niliona kila kitu kinanipa haki.

Angalia Ijumaa. Asubuhi tukaenda getini pa kuingilia Aqsa, mimi nikajua kabisa sitaingia kwa sababu wasio Waislamu wana geti lao moja na siku zao, na Ijumaa haimo. Nikasimama pembeni nimuangalie jamaa. Getini pana polisi wenye bunduki, vijana wadogo tu. Wakachukua pasipoti, wakasoma jina, jina la Kiislamu kabisa, bado wakamwambia thibitisha, soma Fatiha. Akaisoma palepale amesimama, pasipoti ikiwa mkononi mwa askari, watu nyuma yake wanasukumana, nami namsikia sauti inamkwama kwenye aya ambayo anaisoma tangu ana miaka minne. Wakampisha.

Alipotoka baada ya swala nilijua ataniambia habari za ile Kuba ya Mwamba inavyong'aa na dhahabu yake. Wapi. Alikaa kimya mpaka tukafika mbali ndo akasema "Ile nimeisoma maisha yangu yote kwa Mungu, leo nimeisoma kwa askari." Alafu baada ya muda akacheka kidogo, akasema ila huko ndani kuna wazee wamekaa chini ya mizeituni wanapiga stori na watoto wanakimbizana utadhani uwanja wa nyumbani kwao. Hiyo ya wazee ameirudia mara nyingi tangu turudi, ya askari hajawahi kuirudia.

Jioni ya siku ileile tukapita Ukuta wa Magharibi, ule watu wanauita wa Maombolezo, sabato inaingia. Nikavaa kikofia cha bure wanachogawa pale kwa wanaume. Kelele zake sikuzitegemea, vijana wanaimba wameshikana mabega wanazunguka, na hatua tano tu kutoka kwao mtu mzima ameegemeza paji la uso kwenye jiwe halafu hasikii chochote. Zile karatasi za maombi wanazochomeka kwenye nyufa, mimi nilidhani zinafagiliwa kama takataka, kumbe zinakusanywa mara mbili kwa mwaka na kuzikwa kwenye Mlima wa Mizeituni, hazisomwi hazichomwi. Hapo nilinyamaza kidogo. Mtu anaandika shida yake kwenye kipande cha risiti na kuna watu wana kazi ya kuizika kwa heshima.

Ila penyewe ni Kanisa la Kaburi Takatifu, na hapa naomba nivute maneno. Kanisa hilo lina madhehebu sita ndani ya paa moja: Wagiriki Waorthodoksi, Wakatoliki, Waarmenia, Wakopti wa Misri, Wasiria na Wahabeshi. Nani anafagia ngazi ipi, nani anawasha taa ipi, saa ngapi nani anapita na ubani, vyote vilishapangwa enzi za Waturuki, amri ya sultani ya mwaka 1852 iliyosema kila kitu kibaki kilivyo. Na kweli kimebaki. Juu ya mlango, chini ya dirisha, kuna ngazi ndogo ya mbao imeegemezwa tangu karne ya 18 na hakuna anayethubutu kuiondoa. Mwaka 2002 mmonaki wa Kikopti alisogeza kiti chake kivulini kule juu ya paa ambako Wahabeshi wanaishi, ikawa vita, watu kumi na moja hospitali. Kwa kiti! Mwaka 2008 Wagiriki na Waarmenia wakapigana ngumi ndani ya kanisa mbele ya kamera. Nilimsimulia jamaa nikicheka, yeye hakucheka, akaniuliza tu "na mlango nani anafungua?"

Ndo hapo sasa. Mlango wanafungua Waislamu. Familia ya Joudeh inatunza ufunguo na ya Nuseibeh ndo inafungua, simulizi zao zinarudi mpaka enzi za Salahuddin, sultani wa Kiislamu aliyeuchukua mji 1187. Jamaa akasema basi hili lazima tulione, kwa hiyo Jumamosi saa kumi alfajiri tuko pale uani, baridi inauma, watu hata kumi hatufiki. Ndani mtu akafungua kidirisha kidogo kwenye ule mlango mkubwa akapitisha ngazi nje. Aliye nje akaipokea, akaegemeza, akapanda, akafungua kufuli la juu, akashuka. Mlango ukalia. Hakuna aliyepiga makofi, hakuna aliyesema neno. Hao watu hawaaminiani hata kwenye suala la kufagia, na bado kila alfajiri huyu wa ndani anampa ngazi huyu wa nje. Jamaa akanigusa akasema "mi nakusubiri hapahapa, nenda na kitambaa cha mama."

Jiwe liko pale pale ukiingia tu, jekundujekundu, limelainika, linanukia marashi, juu yake taa zimening'inia mstari. Nilikuwa nimeshasoma kwenye simu kwamba hilo bamba liliwekwa mwaka 1810 baada ya kanisa kuungua 1808, yani halina hata umri wa ile ngazi ya dirishani, na nilipanga nikirudi nimwambie mama ili ajue. Nikapiga magoti. Pembeni yangu akaja bibi mmoja, lugha yake siijui, anashindwa kushuka, akanishika mkono wa kulia akajishikiza nao mpaka chini, na alipofika chini hakuniachia. Akalaza shavu kwenye jiwe analia taratibu huku kanibana vidole. Sasa ungefanya nini? Nikatoa kitambaa kwa mkono wa kushoto nikapangusa hivyohivyo, huku na huku, kikalowa mafuta. Nikajikuta nimesema "magoti ya mama." Sijui kama hiyo ni sala, sikumalizia hata na amina. Yule bibi akaniachia, akanipapasa kichwani, nikamsaidia kuinuka.

Uwanja wa ndege wakati wa kurudi wakanihoji, kuna mtu amekupa mzigo? Nikasema mama yangu, kitambaa. Wakakinusa wakanirudishia.

Nyumbani mama alikipokea kwa mikono miwili akakifungua taratibu, harufu bado imo. Ya 1810 ilikuwa mdomoni kabisa nikaimeza. Nilijua ataniuliza habari za kaburi, za msalaba, nimeomba nini. Aliuliza kitu kimoja tu.

"Ulipangusa kwa mkono gani?"

"Wa kulia, mama."

Akatikisa kichwa kukubali, akakikunja mara nne.