Siku moja maishani mwangu: fundi umeme wa magari Mtwara, msimu wa salfa

Watu wakisikia fundi umeme wa magari, wanamfikiria mtu wa kubadilisha balbu na kufunga redio. Zamani labda. Siku hizi pikapu ikiletwa gereji, mara nyingi fundi injini hagusi spana mpaka mimi nimeshapima. Naandika siku moja ya kazi, ya mwezi wa saba, kwa sababu nimechoka kuulizwa swali lile lile: "Kuchomeka mashine dakika tano ndiyo hela yote hiyo?"

Saa 12 asubuhi. Swala, chai na mihogo, pikipiki kutoka Chikongola hadi gereji. Kusi linavuma na ubaridi wake. Kijana wangu, aliyesoma VETA hapa hapa mjini, ameshafungua kontena na kutoa vifaa: mashine ya kupimia, mita, solda, betri ya akiba.

Saa 1. Hilux ya zamani yenye injini ya dizeli aina ya 5L, taa za breki haziwaki. Ni swichi ya pedeli. Imekwisha kabla jua halijapata nguvu, mwenyewe kaondoka kuwahi samaki Mikindani. Nalitaja gari hili kwa heshima. Lina umri mkubwa kuliko kijana wangu. Pampu yake ya dizeli ni chuma na springi, na likishawaka, umeme pekee ambao injini inaudai ni wa waya mmoja wa kufungulia mafuta. Nozeli zake za kupulizia dizeli zinafunguka kwenye presha ya bar 150 hivi. Likizima porini, fundi wa kijijini mwenye spana mbili na kipande cha waya analiamsha, na mzigo unafika.

Saa 2 na nusu. Pikapu ya 2018, taa moja ya mbele imekufa. Mwenye gari kaja na balbu mkononi, kainunua njiani. Nikamwonyesha kwamba taa hii haina balbu ya kubadilisha: ni LED, imefungwa kiwandani na gundi, ikifa unanunua taa nzima. Nikapiga simu Dar mbele yake. Laki tisa, na hiyo ni mtumba. Akaikunja ile balbu kwenye karatasi yake, akasema atarudi mwisho wa mwezi. Sikuwa na la kumwambia.

Saa 3 ndiyo siku yenyewe ilianza.

Lori liliingia likiivuta pikapu kutoka Tandahimba. Gari zuri, rangi bado inang'aa chini ya vumbi, nyuma limejaa unga wa njano kila pembe. Akashuka mzee mwenye mashamba ya korosho.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Hili gari nataka niondoke nalo leo. Kontroboksi imekufa. Wewe nipimie tu unihakikishie, niagize."

"Nani kasema imekufa, mzee?"

"Fundi. Kachomeka mashine, dakika tano kaniambia."

Bei aliyopewa ya kontroboksi, yaani kompyuta inayoendesha injini, ni milioni tatu na nusu, bado kazi ya kuiandikisha kontroboksi hiyo ili ikubaliane na funguo za gari. Na alikuwa ameshatoa laki nne kununua sensa, yaani kidude cha kupima, ya presha ya mafuta iliyobadilishwa bila kubadilisha chochote. Gari linazungusha stata vizuri, haliwaki. Salfa yake, ule unga wa njano wa kupulizia mikorosho, iko stoo, mikorosho imeanza kutoa maua, na ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, hausubiri mtu. Nilimwelewa. Lakini kuanzia dakika ile hakuondoka mgongoni kwangu mpaka alasiri.

Nikachomeka mashine. Makosa matano: presha ya mafuta, presha ya turbo, pedeli ya mafuta na mengine mawili.

"Umeona!" akasema mzee. "Vitu vitano! Ni boksi hiyo."

Hapa naomba msomaji anielewe, maana ndipo hela za watu zinapopotea. Mashine haisemi kitu gani kimekufa. Inasema kontroboksi imepokea taarifa isiyoeleweka kutoka sehemu fulani. Sababu inaweza kuwa sensa, waya uliosuguliwa, plagi iliyoingia maji, fyuzi, hata betri dhaifu. Sensa nyingi za gari hupewa umeme wa volti 5 kutoka kontroboksi, na laini moja hulisha sensa kadhaa. Moja ikipiga shoti, volti zinashuka kwa zote, na kila sensa iliyo kwenye laini ile inaonekana mbovu. Ukiona makosa matano yamejitokeza kwa mkupuo, ni nadra sana kuwa sensa tano zimekufa siku moja.

Nikaanza na betri. Volti 11.7. Kwa betri hiyo kipimo chochote ni uongo, nikaunganisha betri ya akiba. Nikamuuliza mzee kama gari liliazimwa moto huko njiani. Akakaa kimya, halafu: "Vijana waliunganisha na lori, mara moja tu." Lori ni volti 24, pikapu ni volti 12. Moyo wangu ulienda mbio, kwa sababu kuunganisha huko kunaweza kuiua kontroboksi kweli, na hapo yule fundi wa kwanza angekuwa sahihi. Nikapita fyuzi zote moja moja kwa mita. Nzima. Kontroboksi inazungumza na mashine. Basi ina uhai.

Nikachomoa plagi ya sensa mpya ya presha ya mafuta, nikapima waya wa volti 5. Mita ikasoma 0.6.

"Sasa hiyo si ndiyo mbovu?" mzee akauliza.

"Hapana mzee. Nimeichomoa na umeme bado haujarudi. Mbovu ni mwingine kwenye laini hii."

Akapiga simu Dar, akaweka spika, akanisogezea usoni. Sauti ikasema nibadilishe kontroboksi nisipoteze muda wa mzee. Nikajibu kwa adabu, nikarudi chini ya boneti. Akapiga nyingine, kwa mpwa wake, huyo akashauri tufute taa iliyo kwenye dashibodi, gari litawaka lenyewe. Mzee akanishikilia: "Si ufute tu mwanangu, tujaribu." Nikaifuta mbele yake, nikawasha swichi, makosa yote matano yakarudi kabla stata haijazunguka. Akasonya. Hakunisonya mimi, alilisonya gari, lakini aliyesimama pale juani ni mimi.

Kutafuta shoti kwenye pikapu ya kisasa ni kazi ya mgongo na vidole. Sensa ya turbo iko nyuma ya bomba la hewa, unaingiza mkono bila kuona. Nyingine iko chini ya kava lililofungwa na vibano vya plastiki vilivyokaushwa na joto. Ukikosea pembe kimevunjika, na hicho kibano ni hela. Nachomoa plagi, namwita kijana aliyekaa ndani na mita: "Ngapi?" "Sifuri nukta sita." Narudisha. Nachomoa nyingine. "Ngapi?" "Ile ile." Jua la saa 6 likawa juu yetu. Mama ntilie akaleta wali na samaki, sahani yangu ikakaa kwenye stuli ikifunikwa na sahani nyingine. Mzee akala yake akiwa amesimama, akiniuliza kila tonge kama nimepata.

Mchoro wa waya wa gari hilo ninao kwenye kompyuta, nimeulipia. Nikaufungua tena, nikaifuata laini ile ya volti 5 taratibu hadi mwisho wake, na mwisho wake haukuwa kwenye injini. Ulikuwa mbele kabisa, nyuma ya grili: sensa ya presha ya gesi ya AC.

Tukafungua grili. Plagi ile iko pembeni ya kondensa, yaani rejeta ya AC, mahali panapopokea kila kinachotoka barabarani. Nilipoimulika kwa tochi niliona unga wa njano umeganda kuizunguka. Nikaifungua. Ndani palikuwa na uji mzito, salfa iliyochanganyika na umande na vumbi, na zile pini tatu za shaba zilikuwa nyeusi tii. Salfa inaila shaba. Ikipata unyevu, na sisi tuna chumvi ya bahari juu yake, hailali.

Nikaichomoa. Kijana akapiga kelele toka ndani: "Tano! Imerudi tano!"

Mzee akawasha mwenyewe. Stata ikazunguka kidogo, injini ikashika.

Alifurahi, sisemi uongo, alinipiga bega. Halafu akaniuliza sensa ya AC inahusiana vipi na injini, yeye hata hiyo AC haiwashi, anafungua kioo. Nikamweleza habari ya laini moja. Akasikiliza. Nikasafisha pini upande wa waya, nikazikausha, nikaifunga plagi vizuri ili sensa mpya ikifika kwa basi tuje tuiweke. Mpaka hapo atatembea bila AC. Nikataja bei yangu: elfu themanini.

"Elfu themanini kwa kuchomoa plagi?"

Hapo uchovu wote wa siku ukanipanda. Sikupandisha sauti, ni mzee wa rika la baba yangu. Nilimwambia hivi: Kuchomoa plagi ni bure, mzee. Hela ni ya kujua plagi gani. Nilimkumbusha laki nne zilizokwenda kwenye sensa isiyo na kosa, na milioni tatu na nusu alizokuwa tayari kuzituma Dar leo leo. Boksi mpya ingefungwa, laini ingekuwa bado na shoti, gari lisingewaka.

Akanipa elfu sitini, akasema iliyobaki atakuja nayo siku ya sensa. Nikaiandika kwenye daftari. Atakuja, watu wa Tandahimba nawajua. Ila nilikula wali uliopoa nikiwa na uchungu moyoni.

Mashine yangu ya kupimia nimeinunua kwa bei ya pikipiki mpya, na kila mwaka natakiwa kuilipia programu upya, la sivyo magari mapya haiyajui. Ukibadilisha nozeli kwenye injini nyingi za siku hizi, inabidi namba zake ziandikwe kwenye kontroboksi, la sivyo injini inatetema. Kuna magari ambayo bila ruhusa ya mtandao wa kiwandani mashine yangu inasoma tu, haiandiki. Gari umelinunua kwa hela yako, fundi wako yuko hapa, lakini ufunguo wa kulitengeneza uko bara jingine. Hilo linaniuma kuliko elfu ishirini ya mzee.

Siyachukii magari haya. Injini mpya inasukuma dizeli kwa presha inayopita bar 2,000, ndiyo maana inabeba mzigo ule ule kwa mafuta kidogo na moshi haba. ABS, breki zisizogandisha matairi, imeokoa watu wanaoshuka na mizigo kutoka uwanda wa Makonde. Lakini pikapu ni jembe la watu wa huku. Inabeba salfa, inabeba korosho, inapita mchanga na matope. Inawezekanaje sensa ya AC ikalale laini moja na sensa ya mafuta, kwenye gari la shamba? Aliyelichora alishindwa kuweka laini ya pili? Na pini za plagi ile, kwa nini zisizibwe mpira wa maana?

Mchana wa baadaye sikumbuki sana saa. Funguo ya gari la mtu wa Ligula iliyopotea, tukaandikisha mpya. Altaneta. Bajaji moja isiyo na honi. Gari jingine lililooshwa injini kwa pampu ya maji ya nguvu hadi taa nne zikawaka kwenye dashibodi. Tukalianika boneti wazi, tukapuliza plagi kwa kompresa.

Giza lilikuwa limeingia tulipofunga kontena. Vidole vyangu vilikuwa na harufu ya salfa hata baada ya sabuni. Nikapitia stendi kumkabidhi dereva wa basi hela ya sensa ya mzee, ije na basi linalorudi.

Nikiwa naoga simu ikaita, mtu wa Newala. Kesho anampelekea mchomeleaji pikapu yake, chesisi ina ufa. Nikamwambia achomoe kwanza nguzo ya hasi ya betri, na waya wa ethi wa mchomeleaji ufungwe karibu kabisa na pale panapochomwa, usipite mbali kwenye bodi. Akauliza kwa nini, gari lake la zamani walichomelea hivyo hivyo miaka yote. Nikamweleza kontroboksi ngapi zimo ndani ya hilo alilonalo sasa. Akanyamaza, kisha akasema subiri nichukue kalamu, nikamrudia moja baada ya nyingine.