Sasa mmeacha nini?

Tumerudi kutoka Msimbati, ufukweni kule Mtwara, juzi jioni. Tela limesimama uani, mchanga umeingia mpaka kwenye droo ya vijiko, na mimi bado namjibu yule babu kichwani.

Mnaokumbuka hema letu la kijani lilivyobebwa na upepo wa kusi kule Mikindani mnajua kwa nini Baba Nasra aliapa halali tena chini ya turubai. Basi ndiyo hii karavani, yaani hilo tela la kulala ndani: ya mwaka 1974, nje alumini, ndani mbao nyembamba, jiko la gesi la plate mbili, meza unayoishusha ikawa kitanda. Kona moja ya dari ilishakunywa maji zamani. Ukiibonyeza inazama kama andazi. Matairi tulibadilisha kabla ya safari. Kashata za yale ya zamani, yaani meno ya tairi, zilikuwa nzima kabisa, ila fundi akatuonyesha tarakimu 4 pembeni, 2309, yaani wiki ya 23 ya mwaka 2009, na nyufa ndogondogo kama kisigino kisichopakwa mafuta.

Tulipofika tukaomba kuegesha shambani kwa babu mmoja, mbali na minazi (nazi moja tu ikidondoka, dari hatuna). Akalizunguka tela mara mbili, fimbo mgongoni.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Kwani wajukuu zangu, nyumba imebomoka?"

"Hapana babu, tumekuja kupumzika tu."

"Kupumzika, na nyumba mmekuja nayo. Sasa mmeacha nini?"

Baba Nasra alicheka mpaka akashika mti. Mimi nilicheka kwa adabu.

Mmeacha nini. Ningemwambia tumeacha jirani mwenye spika. Ningemwambia tumeacha kazi, babu, na kazini wiki hii nimepewa barua ya kuhamia idara nyingine. Majibu yote hayo nimeyapata nikiwa nasugua sufuria, na hapo ndipo yalipokwama. Enzi za hema Baba Nasra ndiye aliyebanika samaki changu nje, tunakula kwa mikono, hakuna wa kufagia mchanga juu ya mchanga. Sasa kuna sinki. Kuna kapeti. Jumamosi peke yake nimefagia mara tatu, yeye yuko nje anapinda mguu wa tela kwa kuufanya jeki. Ile miguu ya kona ni ya kulituliza lisiyumbe, si ya kulinyanyulia! Fundi alisema, mimi nilisikia.

Nikamwambia hayo yote usiku, kwa sauti ya chini, watoto wasisikie. Hakujibu.

Alfajiri mvua ikashuka. Jamani, ile sauti juu ya bati, kama mtu anamwaga mchele kwenye ungo. Nikangoja kuitwa nikashike nguzo, kisha nikakumbuka hakuna nguzo. Watoto watatu wamejikunja chini ya kanga moja, mguu wa Nasra uko usoni kwa mdogo wake, hakuna aliyeamka. Ile kona ya dari ilidondosha tone moja, halafu la pili, na bakuli lilikuwa tayari limewekwa chini yake. Sikuliweka mimi. Chai nayo ilikuwa jikoni, imezidi tangawizi, nikainywa yote.

Mama hajapokea simu tangu jana mchana. Msimu wa korosho huwa anaiacha ndani akienda shambani, najua. Lakini usiku huwa anapiga.