Kiboksi cha kukunja kinachobadilika saizi, nilivyokiweza

Nilikuwa nachora kiboksi kwenye Inkscape, programu ya kuchorea kwenye kompyuta, kila nikikivuta kukipanua hata ulimi wa gundi (kile kipande cha pembeni kinachopakwa gundi kufunga boksi) nao unavimba, kutoka mm 12 unafika 15, mbavu nazo zinanenepa bila kuombwa. Nimehangaika wee! Kumbe kosa langu nilikuwa navuta umbo zima. Pande zangu zimepangwa mbele, ubavu, nyuma, ubavu, mwisho ulimi, kwa hiyo sasa nachagua nodi zote (vile vidoti vya kwenye kona za mistari) kuanzia mkunjo unaomaliza upande wa mbele kwenda kulia nazisogeza kulia mm 10, halafu kuanzia mkunjo unaomaliza upande wa nyuma kwenda kulia, 10 tena, mbele na nyuma zinapanuka, mbavu na ulimi vinabaki vilevile. Mistari ya kukunja iko leya yake, yaani tabaka lake la mchoro, ila ichague pamoja na ya kukata, mi niliisahau boksi likakunjika kombo.