Siku Mama Alipoitwa Mbele

Novemba 2019 nilimsindikiza Mama kutoka Mombasa hadi Lowell, Massachusetts. Dada alikuwa amepiga simu tangu mwezi wa nane: "Mwambie Mama asikose sherehe ya mwanangu. Na wewe ndiwe mjomba, huna udhuru." Ndege ya Nairobi hadi New York ilituchukua saa kama 15, na njia nzima Mama aliniuliza jambo lile lile. Huyu mtoto amefuzu nini hasa? Shule hajamaliza. Haoi. Sasa watu wavuke bahari kwa ajili ya beji?

Sikuwa na jibu la kumtosheleza. Nilikuwa skauti nilipokuwa shule ya msingi, lakini uskauti wetu ulikuwa gwaride, mafundo ya kamba na kupanga watu uwanjani siku za sikukuu. Ikabidi mpwa wangu mwenyewe atueleze, ameketi chini miguuni pa bibi yake kama alivyozoea utotoni. Daraja lenyewe huitwa Eagle Scout, yaani tai, nalo ndilo la juu kabisa kati ya madaraja saba ya skauti wa Marekani. Yataka beji 21, na mwaka ule wa 2019, 13 kati ya hizo hukuwa na hiari nazo: huduma ya kwanza, mapishi, kambi za usiku 20, hata kuandika mapato na matumizi yako kwa wiki 13. Kisha ubuni kazi ya kuwafaa watu na uwaongoze wenzio kuifanya. Hayo yote yaishe kabla hujatimiza miaka 18.

Yeye alikwenda kwenye makao ya wazee. Akakusanya vijana wenzake, wakaunda matuta ya mbao yaliyoinuliwa hadi kimo cha meza, wakayajaza udongo, ili mzee aliye kwenye kiti cha magurudumu aweze kupanda nyanya na maua yake.

"Wanalima wamekaa?" Mama akauliza.

"Ndiyo, Bibi."

"Hilo ni jambo," akasema. Tangu hapo hakuuliza tena.

Kuna kitu ambacho sisi wengine hatukukijua, au tulikijua bila kukitia maanani. Mwaka 2013 Mama aliishi Lowell miezi minane. Dada ni muuguzi, na mwaka ule alikuwa zamu za usiku. Shemeji naye alitoka alfajiri. Mtoto alikuwa na miaka 11, ndiyo kwanza ameingia uskauti, na jioni zake zote zilikuwa za bibi yake. Mama ni mshona kofia. Zile za mkono, za kutoboa vitundu kimoja kimoja, ambazo moja huweza kula miezi. Mtoto alipoleta beji yake ya kwanza ashonewe, alimshonea ile moja tu. "Zilizobaki utashona mwenyewe," alimwambia, akamfundisha kutia uzi sindanoni, kuficha fundo, na kufumua bila kununa pale mshono unapokwenda upande. Lowell ni mji uliojengwa na viwanda vya nguo. Majengo yao ya matofali mekundu bado yamesimama kando ya mto Merrimack, na ni kutoka viwanda vya Massachusetts ndiko bibi zetu walikopata ile nguo waliyoiita merikani, enzi za majahazi ya Unguja. Napenda mno kumwaza Mama akiwa dirishani kwenye mji ule, anamfundisha mtoto kushona.

Sherehe ilifanyika katika ukumbi wa kanisa uliokodiwa na kundi lao. Dada alikuwa amepika pilau sufuria mbili na sambusa zisizohesabika. Mama alivaa buibui yake mpya na kuketi safu ya mbele, mkoba mapajani. Vijana waliwasha mishumaa 12, mmoja kwa kila kifungu cha sheria yao ya skauti, na kwa kila mmoja mpwa wangu alisimama wima, utepe wake wa kijani umepita begani hadi kiunoni, beji zimejipanga safu safu.

Kisha mkuu wa kundi akamwendea na kumpa mkono. Wa kushoto.

Nilihisi Mama ameshtuka. Akanivuta sikio. "Amempa mkono wa kushoto? Mbele ya watu wote hawa?"

Nikamnong'oneza niliyoyajua tangu mwaka 1987, walimu walipotupeleka Nyeri. Yule mzee aliyeanzisha uskauti, Baden-Powell, alikaa miaka yake ya mwisho kwenye nyumba iitwayo Paxtu, katika uwanja wa hoteli ya Outspan, akafariki tarehe 8 Januari 1941. Kaburi lake linatazama Mlima Kenya, na kwenye jiwe pamechorwa duara lenye kitone katikati, alama ya skauti ya kusema, nimekwenda nyumbani. Pale kaburini ndipo mwalimu alipotusimulia habari ya Waashanti wa Afrika Magharibi: shujaa hushika ngao kwa mkono wa kushoto, basi akikupa mkono huo ameiweka ngao yake chini. Amekuamini. Mama alisikiliza hadi mwisho. "Kwa hiyo si dharau," akasema, akarudi kukaa sawa.

Ukafika wakati wa pini. Desturi yao, kijana akishavishwa nishani humvisha mama yake pini, kisha baba yake. Dada alilia tangu mwanzo hadi mwisho. Kisha mkuu wa kundi akasema kuna pini moja zaidi, ya mlezi, mtu ambaye kijana anaamini bila yeye asingefika. Nikadhani ataitwa mwalimu, au mmoja wa wale wazee wa kambi. Mpwa wangu akasogea kwenye kipaza sauti, akasema kwanza kwa Kiingereza, halafu kwa Kiswahili cha nyumbani kwetu: "Bibi, njoo. Ni wewe."

Mama hakuinuka. Hakuamini ndiye. Nilimshika kiwiko tukaenda wote, hatua saba au nane, na mtoto akambandika pini kwenye buibui, mikono ikimtetemeka hivi kwamba ilibidi bibi yake aishike iwe imara. Akainama, akaubusu mkono wake wa kulia. Ukumbi mzima ukasimama.

Usiku, wageni wameondoka na sufuria zimeoshwa, Mama aliuomba ule utepe. Aliutandaza mapajani chini ya taa na kupitisha kidole juu ya beji zote, polepole, kama anayehesabu. Akasimama kwenye ile ya kuogelea. Pembe moja ilikuwa imeanza kufumuka.

"Lete sindano."

Mpwa wangu akaleta, na uzi wa kijani. Mama alitia uzi tunduni kwa mara ya kwanza, bila miwani, akaukata kwa meno. Kisha akampa yeye.

"Shona," akasema, akasogea kumpisha karibu na taa.