Jinsi tulivyowaona vinyonga wa Amani usiku

Wengi wakienda Amani, hifadhi ya msitu kwenye milima ya Usambara Mashariki mkoani Tanga, hupanda asubuhi kutoka Muheza, wakapiga picha kwenye mashamba ya chai, na jioni wameshashuka. Mimi nilitaka wanangu walale huko. Vinyonga huonekana vizuri usiku, na baadhi ya wale wa Usambara huwapati popote pengine duniani. Isitoshe, hii ndiyo hifadhi ya mazingira asilia ya kwanza nchini, tangu 1997.

Tulifikia Sigi, langoni. Wageni hupokelewa kwenye nyumba ya zamani ya mkuu wa stesheni, enzi za reli ya Wajerumani. Nililipia kiingilio na mwongozaji wa usiku mchana ule ule, ili giza likiingia tusihangaike. Watoto niliwavalisha viatu vya kufunika vidole, suruali tukazichomeka ndani ya soksi. Siafu hawana huruma. Tochi tulivaa kichwani, mikono ibaki huru.

Mwongozaji alikuwa mzee wa Kisambaa. Watoto walipomwamkia, akaitikia: "Marahaba, wajukuu. Msitafute kinyonga. Tafuteni kitu cheupe kwenye ncha ya kijiti."

Kumbe siri ni hiyo. Kinyonga akilala rangi yake hufifia, na ukimmulika anang'aa kuliko majani. Mwanangu wa mwisho ndiye aliyemwona wa kwanza: mwembamba kama kidole, mkia umejiviringa, macho yamefumba. Mzee alitueleza kwa nini analala nchani kabisa: nyoka akipanda, kijiti kinatikisika, naye anajiachia chini. Hakuruhusu mtu amguse, na kila tukishamtazama mmoja alituambia tugeuze mwanga. Chini zaidi, kwenye vichaka, alituonyesha wale wadogo wenye mkia mfupi, ambao mchana ungedhani ni jani kavu.

Binti yangu mkubwa nyumbani akitajiwa kinyonga hutoka mbio. Pale alisogeza uso hadi karibu kabisa. "Baba, ona anavyopumua."

Ukipanga kwenda, epuka masika. Barabara ya kupanda ina kona nyingi na utelezi, na mvua kubwa ikinyesha matembezi ya usiku hayaendi. Na usiingie gizani bila mwenyeji. Nilipita njia ile ile mchana kwa macho yangu mwenyewe, sikuona hata kinyonga mmoja.